Kopo la bluu linaisha kila mwezi: uzi wa pumu na maisha ya kila siku hapa Dar

#1 Mfamasia_Mchovu

Wakuu, habari za jioni.

Ombi linalorudi dirishani kuliko yote: "Ile pampu ya bluu ipo? Nipe mbili." Anayesema hivyo kila mwezi ana shida ambayo pampu mbili haziitatui, na hesabu yake ni nyepesi. Kopo la salbutamoli lina mipulizo 200, kila mpulizo mikrogramu 100. Mtu ambaye pumu yake imetulia haihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki. Chukua mipulizo miwili kila mara: 2 × 2 × wiki 52 = 208. Kopo moja, mwaka karibu mzima. Ukimaliza matatu kwa mwaka, uwezekano wa kubanwa vibaya umeshapanda. Ukimaliza kumi na mawili, hapo tunaongelea hatari ya kifo.

Kisa ni kwamba pumu ina mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, misuli inayozunguka njia za hewa inakaza. Hiyo bluu inailegeza ndani ya dakika 5 hivi na nafuu inakaa saa 4 hadi 6. La pili, ngozi ya ndani ya njia hizo imevimba na inatoa ute mzito. Hapo bluu haina kazi. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta: beklometasoni (mara nyingi kopo la kahawia) au budesonidi. Hiyo unavuta kila siku, hata siku unayojisikia mzima wa afya, na matunda yake yanaonekana baada ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Wengi wanaitupa siku ya nne wakisema haifungui kifua. Haikutengenezwa kufungua kifua.

Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu wa miaka 12 na kuendelea atibiwe kwa bluu peke yake. Zipo pampu zenye dawa mbili ndani, budesonidi na formoteroli, ambazo zinafaa kuzuia na kuokoa kwa pamoja. Ile ya 200/6 (mikrogramu 200 za budesonidi na 6 za formoteroli kwa kila mvuto) mtu mzima hazidishi mivuto 12 kwa siku, jumla ya yote. Kama hiyo hujaandikiwa au mfuko haufiki, muulize daktari kuhusu kuvuta kahawia kila mara unapovuta bluu.

Rangi lakini si sheria, viwanda ni vingi. Soma jina la dawa.

#2 Mwana_Kigogo

Mkuu, mtaani tunaambiwa pampu ni hatua ya mwisho, ukishaianza mapafu yanazoea huachi tena. Bora vidonge. Hili likoje?

#3 Nesi_wa_Zamu

Mwana_Kigogo, tupige hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamoli ni miligramu 4, sawa na mikrogramu 4,000. Mipulizo miwili ni mikrogramu 200. Kidonge kimebeba dawa mara 20, kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, ndipo sehemu ndogo ifike kwenye mapafu. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio huku kifua bado kinapiga mluzi. Aminofilini, kidonge kingine cha pumu, ni mbaya zaidi kuichezea: kipimo kinachotibu na kinacholeta sumu vinapakana. Mtu akiongeza kidonge kwa kuwa "leo imenibana sana", anaweza kuishia kutapika, moyo kupiga ovyo, hata degedege.

Huo uvumi wa kuzoea una chembe ya ukweli iliyogeuzwa. Bluu ikitumiwa kila siku peke yake, bila steroidi, njia za hewa zinakuwa nyepesi kushtuka na dawa yenyewe inapungua makali. Mtu anaongeza mipulizo, majirani wanaona "kazoea". Kilichokosekana hapo ni kahawia.

Jambo jingine, la kuchekesha kama lisingekuwa la hatari: kuna vidonge vya rangi mbili vinavyokuja na kifaa chake cha kuvutia. Vile vinawekwa kwenye kifaa, vinatobolewa, unga unavutwa. Wapo wanaovimeza na maji. Kwa unyevu wa Dar, usivitoe kwenye pakiti mpaka dakika ya kuvuta, la sivyo unga unagandana.

#4 Mfamasia_Mchovu

Asante dada. Sasa namna ya kuvuta, kwa sababu nusu ya "dawa feki" ninazorudishiwa ni mkono tu.

Pampu mpya, au iliyolala siku 5 na zaidi, puliza kwanza hewani mara 2 hadi 4 (karatasi ya ndani inasema ngapi). Halafu:

Fungua kifuniko, chungulia ndani ya mdomo wake. Mfuko wa shule na mkoba vinaacha makombo, hata mende mdogo. Tikisa kwa nguvu sekunde 5. Toa pumzi yote polepole, pembeni, sio ndani ya pampu. Shika mdomo wa pampu kwa meno bila kuubana, funga midomo pasibaki upenyo. Anza kuvuta pumzi, NDIPO ubonyeze, uendelee kuvuta taratibu sekunde 3 hadi 5. Shikilia pumzi sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Toa. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia.

Makosa ni yale yale: kubonyeza kabla ya kuvuta (dawa inagonga koo, unaionja chungu), kuvuta kwa pupa kama unapiga mluzi kinyume, kubonyeza mara mbili kwa pumzi moja, na kutotikisa. Kwenye zile za unga mambo yanageuka: unavuta kwa nguvu na haraka, maana pumzi yako ndiyo inayoinua unga. Anayetumia aina zote mbili lazima ajue anashika ipi.

Baada ya kahawia, sukutua maji mdomoni na kooni, tema. Usipofanya hivyo unapata fangasi za mdomo, ule utando mweupe kwenye ulimi, na sauti inakwaruza. Vuta kabla ya kupiga mswaki, biashara inakuwa imeisha.

#5 Boda_Makumbusho

Nimeona mtandaoni kwamba kujua kama kopo limeisha unalitumbukiza kwenye ndoo: likizama limejaa, likielea tupu. Ni kweli?

#6 Mfamasia_Mchovu

Hapana mkuu. Hata lililoisha dawa linabaki na gesi, na maji yanaweza kuziba vali. Kama halina namba za kuhesabu, andika kwa kalamu ya wino tarehe ya kuanza. Kahawia ya mipulizo 200, miwili asubuhi miwili jioni, inaisha siku ya 50. Baada ya hapo inatoa moshi usio na kipimo unachokijua.

Na kwa kuwa uko kwenye pikipiki: usiihifadhi chini ya siti wala kwenye boksi la nyuma. Kopo linataka chini ya nyuzi 30, na likifika 50 linaweza kupasuka. Gari lililoegeshwa juani Kariakoo linafika huko kabla hujamaliza kununua. Mfukoni au begani.

#7 Mwalimu_wa_Awali

Watoto wa miaka minne, mitano hawawezi hiyo mpangilio ya kubonyeza na kuvuta. Walimu na wazazi wafanyeje? Spesa, ile chemba ya plastiki inayochomekwa kwenye pampu, madukani si kila mahali.

#8 Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, swali zuri, na hata mtu mzima anafaidika na spesa. Kazi yake ni kuifanya dawa isubiri ndani ya chemba badala ya kugonga koo.

Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Ililinganishwa na spesa za dukani kwa watoto huko Cape Town, matokeo yakachapishwa 1999, ikaonekana chupa iliyozibwa vizuri haiachwi nyuma. Chupa iwe ngumu kiasi, isiwe ile inayobonyea ukiishika.

Ioshe kwa maji na matone machache ya sabuni ya vyombo, iache ijikaushe yenyewe. Usifute kwa kitambaa, na hili watu wanalipuuza: kusugua plastiki kunaipa chaji ya umeme, dawa inanata ukutani badala ya kwenda kwa mtoto. Weka mdomo wa pampu katikati ya kitako cha chupa, chora mzunguko wake. Kunja waya kwa umbo hilohilo, upashe moto, toboa tundu DOGO kidogo kuliko mchoro ili pampu iingie kwa kubana. Zungushia plasta au gundi ikaze pasitoke hewa. Kikombe cha plastiki kilichokatwa kwa mkasi hakifai, dawa yote inatorokea juu.

Kutumia: mtoto akae wima, midomo izunguke mdomo wa chupa. Tikisa pampu, bonyeza MARA MOJA, avute na kutoa pumzi za kawaida mara 4 hadi 6 humohumo. Tikisa, bonyeza tena. Ukimiminia mipulizo minne kwa pamoja, matone yanagongana na kunata, anapata kidogo kuliko ungempa mmoja mmoja. Mtoto mdogo asiyeweza kufunga midomo anahitaji spesa yenye barakoa. Usibahatishe kwa chupa.

Chupa ikipata ukungu au ufa, tupa. Ganda la plastiki la pampu nalo, toa kopo la chuma kwanza, pitisha maji ya uvuguvugu nusu dakika mara moja kwa wiki, ikauke. Kopo lenyewe lisiguse maji.

Shuleni, mtoto anayebanwa akikimbia anaweza kuandikiwa mipulizo miwili dakika 10 hadi 15 kabla ya michezo. Pampu isifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu ambaye yuko kwenye kikao wilayani.

#9 Bi_Mtoni

Wanangu, mmeongea dawa, sasa tuje ndani ya nyumba, maana humo ndimo kifua kinapoharibikia.

Jiko la mkaa liwashwe nje, na lisiwashwe kwa mifuko ya nailoni wala vipande vya ndala. Ule moshi mweusi unabana kifua cha mzima, sembuse cha mgonjwa. Usidanganywe na makaa mekundu yasiyotoa moshi kwamba sasa liingie chumbani mvua inaponyesha: bado linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko la mafuta ya taa nalo limo, hasa utambi ukiwa mrefu na mwali wa njano. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 umepunguza moshi sana, lakini gesi nayo inatoa hewa inayowasha kifua, kwa hiyo dirisha wazi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mwenye pumu asingoje 2034.

Dawa ya mbu ya kuchoma: koili moja ilipimwa ikaonekana inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua kinatosha. Ukipuliza ya kopo, mgonjwa atoke, milango ifungwe, kisha chumba kipigwe hewa kabla hajarudi.

#10 Mwana_Kigogo

Na udi Bi Mtoni? Ukigusa udi utavunja ndoa za watu humu 😂

#11 Bi_Mtoni

Ndoa haivunjiki. Nguo zifukizwe kwenye chumba kingine mgonjwa akiwa hayupo, dirisha wazi, ziachwe zitulie ndipo zivaliwe. Au tumia maua: asumini kitandani, kikuba. Naye kama asumini inampigisha chafya, basi maji na sabuni tu. Kinachomsumbua huyu si lazima kimsumbue yule, kwa hiyo andika kwenye daftari siku alizobanwa na kilichokuwepo, wiki tatu, utaona mtindo.

Godoro. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na wadudu wa vumbi, wale wasioonekana kwa macho, wanastawi humo. Mto wa sufi wa zamani ndio makao yao makuu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Huna kipimajoto? Maji yanayochemka changanya na ya bomba nusu kwa nusu, unapata kama 64. Loweka papo hapo, funika beseni. Godoro lianikwe jua kali, likung'utwe na mtu mwingine, sio mgonjwa, tena upepo ukimpa mgongo. Ufagio wa chelewa ndani ya chumba unarusha vumbi hewani kwa muda mrefu. Piga deki au futa kwa kitambaa chenye maji. Mende nao ni pumu, kinyesi chao kinakuwa vumbi. Ziba nyufa, funika jaa la jikoni usiku.

Masika, Machi hadi Mei, angalia ukungu nyuma ya kabati na kwenye dari inayovuja. Sogeza kabati liachane na ukuta kama kiganja. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuuficha tu, utatokeza tena.

#12 Fundi_Baridi_Buguruni

Naongezea kwenye kiyoyozi. Chujio za mbele zitolewe kila wiki mbili, Dar ina vumbi. Zioshwe kwa maji ya kawaida, zikaushwe kivulini ndipo zirudi. Ukirudisha mbichi unapanda ukungu. Mashine ikitoa harufu ya soksi ukiiwasha, chujio pekee haitoshi: tatizo ni koili ya ndani na trei ya maji, bomba la kutolea maji limeziba. Hiyo ni kuifungua na kuiosha, na mgonjwa asiwepo chumbani siku hiyo. Usiku nyuzi 25 au 26, upepo usielekee usoni. Kutoka jua la mchana ukaingia nyuzi 16 ghafla, kifua kinashtuka.

Feni: futa mapanga kwa kitambaa chenye maji KABLA ya kuwasha. Watu wanawasha kwanza ili "vumbi liondoke". Linaondoka kweli, linakwenda kwenye mto.

#13 Mfamasia_Mchovu

Limesahaulika moja, na hili ni la maduka ya dawa. Baadhi ya wenye pumu wanabanwa vibaya wakimeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Sio wote, ila huwezi kujua kwa kumtazama mtu, na kwetu diklofenaki inauzwa kwa mgongo, jino, mpaka uchovu wa daladala. Sema "nina pumu" kabla hujataja unachotaka. Kwa kawaida parasetamoli ndiyo salama. Wenye presha waangalie propranololi na atenololi, na wenye presha ya macho waangalie matone ya timololi. Hayo yanaingia jichoni na bado yanabana kifua.

Mjamzito asiache pampu zake. Kwa mtoto aliye tumboni, mama kukosa hewa ni hatari kuliko dawa ya kuvuta.

Na ule unga usio na jina wa "dawa ya asili ya pumu": ukikupa nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili kisha uso ukaanza kuvimba mashavu, shuku kuna steroidi imechanganywa humo, na usiikatishe ghafla bila daktari.

#14 Boda_Makumbusho

Swaumu je? Pampu inafunguza?

#15 Mwalimu_wa_Awali

Masheikh wamehitilafiana: wapo wanaosema haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, wapo wanaosema inafunguza. Muulize unayemfuata. Ila mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, Baqara aya ya 184 na 185. Kwa ratiba, kahawia ya mara mbili inakaa vizuri kwenye daku na futari, kwa hiyo kuikatiza mwezi mzima hakuna sababu. Bluu akibanwa saa 9 mchana avute hapo hapo, mjadala wa fiqhi utafuata akiwa anapumua.

#16 Mwana_Kigogo

Kuna namna ya kujua inakuja kabla haijafika?

#17 Nesi_wa_Zamu

Ipo. Kuna kifaa cha plastiki chenye mshale (peak flow meter), unapuliza unasoma lita kwa dakika. Simama, sukuma mshale mpaka sifuri, vuta pumzi ijae, puliza kwa mkupuo mmoja mfupi wa nguvu, vidole visizuie mshale. Mara tatu, andika kubwa kuliko zote, usichukue wastani. Fanya asubuhi na jioni wiki mbili kipindi umetulia, upate kiwango chako bora. Tuseme ni 400: juu ya 320 endelea na maisha, kati ya 200 na 320 fuata mpango ulioandikiwa na daktari, chini ya 200 vuta bluu na uelekee hospitali. Usitumie namba ya jirani.

Bila kifaa, angalia: unaamka usiku kwa kikohozi, ngazi za ghorofa ya pili zimekuwa mlima, bluu imepita mara mbili kwa wiki.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, hasa na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, peleka makohozi yakapimwe kifua kikuu. Watu wanaongezewa pampu kumbe ni TB, na wengine kinyume chake.

Akibanwa kweli: mkalishe wima, ameinamia mbele kidogo, watu watawanyike apate hewa. USIMLAZE. Bluu kwa spesa, mpulizo mmoja mmoja, mipulizo 4, kila mmoja pumzi 4 hadi 6. Hajapata nafuu, ongeza hadi 10. Unaweza kurudia kila dakika 20 mkiwa njiani. Kujifukiza kwa ndoo ya maji ya moto hakufungui njia za hewa, kunaunguza watoto. Dawa ya usingizi au ya kutuliza, marufuku.

Usisubiri hata dakika ukiona: hamalizi sentensi kwa pumzi moja, mtoto ameshindwa kunyonya, ngozi kati ya mbavu inabonyea, midomo imegeuka rangi, anasinzia au kuchanganyikiwa. Na hili linadanganya wengi: mluzi ulikuwepo, sasa kifua kimya lakini bado anahema kwa taabu. Hajapona, hewa haipiti tena. Bajaji au teksi, sio bodaboda, mtu aliyelegea anaanguka. Hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au kituo cha afya kilicho karibu zaidi chenye oksijeni. Usivuke foleni ya jiji zima kutafuta hospitali uipendayo.

Akiruhusiwa na prednisoloni (vidonge vya steroidi), mtu mzima kwa kawaida miligramu 40 hadi 50 asubuhi kwa siku 5 hadi 7, amalize zote. Asibakize za "siku nyingine". Kozi za kila mwezi zinaleta sukari, presha na mifupa dhaifu. Akihitaji mbili kwa mwaka, kahawia yake iangaliwe upya.

#18 Boda_Makumbusho

Shukrani wakuu. Makopo matupu nayafanyaje? Nyumbani takataka tunachoma.

#19 Mfamasia_Mchovu

Usiyachome wala kuyatoboa, gesi iliyobaki inalipuka. Rudisha famasi au hospitali unakochukulia dawa, uliza kama wanapokea. Ile plastiki ya nje usitupe kabla hujahakikisha kopo jipya limekuja na yake. Makopo ya kampuni tofauti hayakai sawasawa kwenye plastiki moja, linapuliza pembeni.

Na huo moto wa takataka, mkuu, uwe mbali na dirisha la mwenye pumu.